Sura ya 5: Hiyo Opera Italeta Unga?

Kila baada ya tamasha la muziki la shule, kuna mtoto anayerudi nyumbani na cheti. Mwalimu amemsifu mbele ya watu kwamba ana sauti ya opera. Mzazi anashukuru, anakitia cheti kwenye faili pamoja na kadi ya kliniki, kisha anauliza lililo moyoni: "Sawa, mwalimu, lakini hiyo opera italeta unga?"

Tabaka, kule Mugirango Kusini katika Kaunti ya Kisii, swali hilo lina uzito wake. Watu wa hapa wanaijua sanaa kama kazi, na wanaijua jasho lake. Jiwe la sabuni linachimbwa kwa sururu na mtaimbo, linachongwa kwa panga, patasi na kisu, linapigwa tupa, linasuguliwa kwa msasa ndani ya karai la maji, mwisho linapakwa nta ling'ae. Sanamu ikishafika kwenye duka la watalii Nairobi au ng'ambo, bei yake hupanda mara kadhaa, na aliyeichonga haoni hata senti ya nyongeza. Kwa hiyo mtu wa Tabaka akiuliza kama sanaa inalisha, haidharau sanaa. Anauliza kama fundi anayejua gharama ya kazi, na anastahili jibu la aina hiyo hiyo.

Opera ni nini hasa?

Opera ni mchezo wa kuigiza ambao wahusika huimba maneno yao badala ya kuyasema, huku orkesta, yaani kundi kubwa la wapigaji wa fidla, tarumbeta, ngoma na ala nyingine, ikiwasindikiza. Humo watu hutongozana, hudanganyana, hugombania mirathi na hata kuuana, yote kwa wimbo. Maandishi ya mchezo huitwa libreto. Wimbo wa mhusika mmoja anayesimama kumwaga ya moyoni huitwa aria.

Sanaa hii ilianza Italia, katika mji wa Florence, miaka ya mwisho ya karne ya 16. Mwaka 1607 Claudio Monteverdi alionyesha *L'Orfeo* mjini Mantua, na hiyo ni miongoni mwa opera za mwanzo kabisa ambazo bado zinachezwa hadi leo. Mwanzoni ilikuwa burudani ya wakuu na wageni wao. Mwaka 1637 jumba la San Cassiano lilifunguliwa Venice, na hapo mtu yeyote mwenye pesa ya tikiti aliweza kuingia. Tangu siku hiyo opera ikawa biashara, na mwimbaji akawa mtu wa kulipwa.

Kusimulia kwa wimbo si jambo geni kwa Abagusii. Mpiga obokano, kile kinubi kikubwa cha nyuzi nane chenye mlio mzito, huketi na kuimba sifa za watu, visa na misiba. Akina mama wana ribina, ngoma yenye wimbo na mwendo wake. Vijana wana esimbore, wimbo wa jando. Kanisani nako, Wakatoliki na Waadventista wamezoea kwaya za sauti nne tangu enzi za wamisionari. Mtoto wa Tabaka basi haanzi sifuri. Kigeni kwake ni kitu kimoja: namna ya kuitoa hiyo sauti.

Kwa ufupi: opera ni mchezo wa kuigiza unaoimbwa. Hadithi inaweza kuwa ya popote. Mbinu ya sauti ndiyo inayoitenga na nyimbo nyingine.

Sauti inajazaje ukumbi bila maikrofoni?

Jumba la Metropolitan Opera la New York lina viti takriban 3,800. Mbele ya jukwaa kuna orkesta inayoweza kuwa na watu 80 au zaidi. Mwimbaji anasimama nyuma yao, hana maikrofoni, na bado aliyeketi ngazi ya juu kabisa anamsikia. Wengi hudhani siri ni kupiga kelele. Anayepiga kelele hukauka koo kabla ya nusu saa kwisha. Siri imo katika mambo matatu.

La kwanza ni *pumzi*. Chini ya mapafu kuna msuli mpana uitwao kiwambo. Ukivuta hewa hushuka, ukitoa hupanda. Mtu wa kawaida akiimba, hewa humtoka yote mwanzoni, na mwisho wa mstari anahema. Mwimbaji wa opera hujifunza kuizuia itoke kidogo kidogo, kwa kutumia misuli ya mbavu, ya tumbo na ya kiuno. Jaribu mwenyewe: lala chali sakafuni, weka kitabu juu ya tumbo, vuta hewa hadi kitabu kipande, halafu itoe kwa mlio wa "sss" ulio sawa bila kuruka, kitabu kikishuka polepole. Wengi huishiwa kabla ya sekunde 15. Wanafunzi wa sauti hurudia zoezi la namna hiyo kwa miezi kabla ya kupewa aria hata moja.

La pili ni *nyuzi za sauti*. Ni mikunjo miwili midogo iliyo ndani ya zoloto, sehemu ya koo inayoonekana ikipanda na kushuka mwanamume anapomeza mate. Urefu wake haufiki sentimita 3. Hewa ikipita, mikunjo hiyo hugongana. Noti ambayo orkesta huitumia kuweka ala sawa kabla ya onyesho huzigonganisha mara 440 kwa sekunde. Soprano, yaani mwimbaji wa sauti ya juu ya kike, akipanda juu kabisa, zinagongana zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde. Ndiyo maana vumbi, moshi, ukosefu wa maji na makelele ya uwanjani ni adui wa mwimbaji.

La tatu ni *mwangwi wa ndani*. Sauti inayotoka kwenye nyuzi ni ndogo na haipendezi. Nafasi ya koo na kinywa ndiyo huikuza. Wataalamu wamepima na kukuta kwamba nguvu nyingi za orkesta ziko kwenye milio ya chini, karibu na mitikisiko 500 kwa sekunde. Mwimbaji aliyefunzwa, hasa mwanamume, hulipanga koo lake ili sauti yake iwe na nguvu za ziada karibu na mitikisiko 3,000, mahali ambapo orkesta ni dhaifu na sikio la binadamu ni kali. Hashindani na orkesta kwa ukubwa, anapita pale ambapo haina nguvu. Soprano akiwa juu kabisa hutumia njia nyingine: hufungua kinywa na kulipanga koo hadi umbo lake likubaliane na noti yenyewe.

Kwa nini inachukua miaka?

Mchongaji wa Tabaka anajua kwamba kipande kikishakatwa hakirudi. Akiharakisha shingo ya twiga, twiga amekwisha. Sauti nayo ni hivyo. Kijana wa miaka 16 akilazimishwa kuimba aria za watu wazima kwa sababu shule inataka kombe, anaweza kuota vinundu kwenye nyuzi zake, na huenda sauti isirudi ilivyokuwa.

Sauti ya opera hukomaa pole pole. Soprano mwepesi anaweza kuwa tayari kwa jukwaa katikati ya miaka ya ishirini. Besi, yaani sauti ya chini kabisa ya kiume, mara nyingi huiva baada ya miaka 30. Luciano Pavarotti, mwana wa mwoka mikate wa Modena, alianza masomo ya kweli ya sauti mwaka 1954 kwa mwalimu Arrigo Pola, aliyemfundisha bila malipo. Katikati alifundisha shule ya msingi na kuuza bima ili apate chochote. Jukwaa la kwanza la opera alilipanda tarehe 29 Aprili 1961, mjini Reggio Emilia, akiwa na miaka 25. Hiyo ni miaka saba ya kujifunza kabla ya onyesho la kwanza, tena kwa mtu ambaye baadaye dunia nzima ingesema alizaliwa na kipaji.

Mwanafunzi hutumia miaka hiyo kujifunza:

- mbinu ya sauti, akiwa na mwalimu wake peke yake, wiki baada ya wiki;
- lugha, hasa Kiitaliano, Kijerumani na Kifaransa, kwa kiwango cha kutamka na kuelewa kila neno;
- kusoma muziki na walau kupapasa piano;
- kuigiza, kucheza dansi na kutembea jukwaani akiwa amevaa mavazi mazito;
- dhima nzima, yaani sehemu ya mhusika mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, yote kwa kichwa.

Katika orodha hiyo, jambo moja linambeba mtoto wa Kisii na lingine linamkwamisha.

Linalombeba ni irabu. Kiswahili kina irabu tano. Ekegusii kina saba: kinatenganisha "e" ya kufumba na "e" ya kupanua, na "o" vivyo hivyo. Kiitaliano nacho kina irabu saba za namna hiyo hiyo, na maneno yake mengi huishia na irabu. Mwanafunzi wa London hukaa muda mrefu akisahihishwa "e" zake. Aliyekua akisema Ekegusii tayari anazo mdomoni. Anachohitaji ni mtu wa kumwonyesha ipi inaingia wapi.

Linalomkwamisha ni solfa. Kwaya zetu nyingi husoma muziki kwa herufi za *d, r, m, f, s, l, t*. Ni njia nzuri, na imejenga waimbaji hodari wa kuoanisha sauti. Lakini opera yote imeandikwa kwa noti za mistari mitano. Kijana anayeongoza kwaya ya parokia bila wasiwasi anaweza kufika kwenye majaribio ya chuo, akapewa karatasi ya noti, akakwama kwenye mstari wa kwanza. Hajakosa sikio. Hakuna aliyemfundisha kusoma karatasi hiyo.

Kwa ufupi: sauti nzuri ni malighafi. Miaka mitano hadi kumi ya ufundi ndiyo inayoigeuza kuwa kazi.

Waliofika, na njia walizopita

*Serge Kakudji* alizaliwa mwaka 1982 Kolwezi, mji wa migodi ya shaba na kobalti huko Katanga, Kongo, ambako Kiswahili ndicho lugha ya mtaani. Sauti yake ni kauntatena: mwanamume anayeimba juu, kwenye eneo la alto wa kike, kwa kutumia sauti nyembamba iliyofunzwa hadi ikapata nguvu. Mwaka 2006 alikuwa kwenye *Dinozord*, onyesho la mcheza dansi Faustin Linyekula wa Kisangani. Mwaka 2008 aliimba katika *pitié!*, mchezo wa Alain Platel na mtunzi Fabrizio Cassol uliojengwa juu ya muziki wa Bach. Mwaka 2014 ikaja *Coup Fatal*. Humo Kakudji anaimba aria za kale za Ulaya, lakini anayemsindikiza si orkesta ya fidla. Ni kundi la wanamuziki wa Kinshasa wenye likembe, magitaa na ngoma. Nyuma yao limening'inia pazia la maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, kazi ya mchongaji Freddy Tsimba. Kakudji alipenya kwa kuichukua mbinu ya Ulaya yote kamili, kisha akaipeleka mahali ambapo Wazungu wenyewe hawakuwa wameifikisha.

*Pretty Yende* alizaliwa mwaka 1985 Piet Retief, mji mdogo wa Afrika Kusini. Akiwa na miaka 16 alisikia kwenye tangazo la shirika la ndege sauti mbili za kike zikiimba pamoja, akaenda shuleni kumuuliza mwalimu ni kitu gani kile. Akaambiwa ni opera. Msichana aliyepanga kuwa mhasibu akaingia chuo cha muziki Cape Town, kisha akapata nafasi katika akademia ya jumba la opera la La Scala, Milano. Mwaka 2011 alishinda shindano la Operalia. Januari 2013 aliingia Metropolitan kwa mara ya kwanza, akichukua nafasi ya mwimbaji mwingine kwa taarifa fupi. Alijikwaa akaanguka alipokuwa akiingia jukwaani, akanyanyuka na kuimba hadi mwisho kwa shangwe. Tarehe 6 Mei 2023 aliimba peke yake wakati wa kutawazwa kwa Mfalme Charles III.

Nyumbani Kenya, soprano *Rhoda Ondeng Wilhelmsen* alichukua njia ya tatu. Alianzisha Baraka Opera Trust, shirika lililowapa Wakenya dhima za kuimba kwenye opera zenye hadithi za kwetu, kama *Nyanga*. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Mwimbaji hakomazwi na chumba cha mazoezi peke yake. Anahitaji jukwaa, vazi, kondakta wa orkesta anayemtazama, na hadhira iliyolipa.

Ukiwaweka watatu hawa pamoja, utaona kwamba kila mmoja alipata ngazi kati ya kipaji na jukwaa: mradi wa sanaa, chuo, au shirika alilolijenga mwenyewe. Tabaka yenyewe imewahi kuona jambo hilo kwenye fani yake. Elkana Ong'esa, mchongaji wa hapa hapa, ana sanamu yake *Enyamuchera*, ndege wa amani, katika makao makuu ya UNESCO, Paris.

Maisha ya kazi, na pesa yenyewe

Mwimbaji wa kimataifa huishi na begi. Majumba makubwa hupanga maonyesho miaka miwili, mitatu au zaidi mapema, kwa hiyo anaweza kujua leo atakachoimba miaka mitatu ijayo, lakini asijue kama mwezi ujao atakuwa na kazi. Hufika mji mgeni, hufanya mazoezi kwa wiki kadhaa, kisha maonyesho yanaanza. Siku ya onyesho huongea kidogo, hunywa maji mengi, hupasha sauti moto kwa kuimba taratibu kupitia mrija mwembamba, zoezi linalopunguza mgongano wa nyuzi. Hukwepa viyoyozi na watu wenye mafua.

Malipo ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni ajira: Ujerumani ina majumba takriban 80 yanayopewa fedha na serikali, na mengi huajiri waimbaji kwa mshahara wa kila mwezi. Ndiyo maana Waafrika wengi wa opera huishia huko. Namna ya pili ni kibarua cha heshima: unalipwa kwa kila onyesho unaloimba. Wakala aliyekutafutia kazi anakata asilimia yake, nauli na nyumba mara nyingi ni juu yako, na ukiamka na homa siku ya onyesho, fedha ya siku hiyo imekwenda. Mwaka 2020, majumba yalipofungwa kwa sababu ya korona, waimbaji wengi maarufu walipoteza mikataba ya mwaka mzima kwa barua pepe moja.

Kenya haina jumba la opera lenye kundi la kudumu linalolipwa mshahara. Hiyo ndiyo hali. Lakini hesabu haiishii hapo. Mwimbaji aliyefunzwa vizuri hapa nchini hula kutoka vyungu vingi: kuimba kwenye harusi na hafla za kampuni, kufundisha sauti mmoja mmoja, kurekodi studio, kuongoza kwaya za kanisa, kufundisha chuo. Msimu wa Tamasha la Muziki la Kenya ukikaribia, shule hutafuta wakufunzi wa kwaya kama mkulima anavyotafuta vibarua wakati wa mavuno, na mwenye mbinu hulipwa zaidi ya mwenye shauku tu.

Basi jibu la mzazi ni hili. Opera peke yake, kwa wengi, haileti unga. Ufundi wa opera unaleta, kwa sababu mwenye nao anaweza kufanya kazi ambazo mwenye kipaji kitupu hawezi. Anayemsomesha mtoto kwa kutegemea jukwaa la New York anacheza bahati nasibu. Anayemsomesha ili awe bingwa wa sauti anamnunulia taaluma, na New York ikija, itakuja kama bakshishi.

Ukiwa na mtoto mwenye sauti, anza na haya

1. *Mlinde na vumbi.* Vumbi la jiwe linaumiza mapafu ya kila mtu, mwimbaji au la. Anayesaidia kusugua sanamu asugue jiwe likiwa limelowa, na avae barakoa.
2. *Usimlazimishe juu.* Mvulana ambaye sauti inavunjika aimbe kwa upole katika eneo linalompa raha. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki mbili hadi tatu, aonwe na daktari wa masikio, pua na koo.
3. *Afundishwe mistari mitano mapema,* sambamba na solfa. Kinanda cha kanisa kinatosha kuanzia. Muulize mwalimu wa kwaya kama mtoto anaweza kukaa nacho nusu saa baada ya mazoezi.
4. *Tumia tamasha kama darasa.* Maoni ya mwamuzi yaliyoandikwa kwenye karatasi yana thamani kuliko kombe. Yahifadhi, na mwaka unaofuata linganisha.
5. *Jua milango iliyopo.* Vyuo Vikuu vya Maseno na Kenyatta vinafundisha muziki. Nairobi kuna chuo cha muziki, Kenya Conservatoire of Music, kilichoanzishwa mwaka 1944. Maseno ni karibu zaidi na Kisii.
6. *Asiache hesabu na lugha.* Pavarotti aliuza bima, Yende alitaka uhasibu. Mikataba ya muziki husomwa na anayejua hesabu, na lugha za kigeni ni nusu ya kazi yenyewe.

Hatua ya tatu ndiyo wengi wanayoiacha, nayo ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Kabla ya kutafuta mfadhili wa kumpeleka mtoto ng'ambo, hakikisha anaweza kusoma ukurasa mmoja wa noti bila kusaidiwa. Mlango wa chuo chochote cha muziki, kiwe Maseno au Milano, unafunguliwa kwanza na karatasi hiyo.